Limbuko la Mpapai wa Bi Mwanamvua

Sogeeni, hadithi ipo mlangoni. Itikieni: ipite ndani!

Bi Mwanamvua alikuwa na watoto watatu, kila mmoja na kipaji chake. Mwanakheri alikuwa na jicho, hakuna kilichompita. Semboja alikuwa na miguu. Safari iliyowashinda wenzake, kwake yalikuwa matembezi. Kidawa, kitinda mimba, alikuwa na mkono mwepesi. Hata kifaranga mgonjwa alitulia kiganjani mwake.

Mume wa Bi Mwanamvua alifariki akaacha mipapai miwili michanga nyuma ya nyumba, mmoja dume, mmoja jike, ya mbegu isiyopatikana tena pale kijijini. Na katika ukoo ule, anayekula limbuko, tunda la kwanza, ndiye mshika mbegu, na mshika mbegu ndiye mrithi wa kiwanja. Limbuko halina nusu.

Semboja akautazama ule dume. "Huu unakula mbolea bure," akasema, akaukata. Hakuna aliyemzuia, hata mama yake.

Mpapai jike ukachanua, maua yakadondoka. Ukachanua tena, yakadondoka. Kila asubuhi Bi Mwanamvua aliyafagia, na kila alipoyafagia alihisi anamzika mumewe upya. Majirani wakashauri mti upigiliwe msumari, utazaa tu. Semboja akaja na nyundo.

"Subiri, kaka!" Mwanakheri akamshika mkono, akalipasua ua kwa ukucha. "Tazama. Hii ovari ndiyo tumbo la ua, na vijiyai vimo. Hii ya juu ni stigma, mlango wa kupokelea. Chavua je, ule unga wa manjano? Ulikuwa kwenye mti ulioukata."

Semboja akainamisha kichwa. Alfajiri akashika njia hadi ng'ambo ya mlima, akauliza nyumba kwa nyumba mpaka akapata mpapai dume uliosalimika, akachuma maua yake. Wakati wa kurudi mvua ilimkuta. Akavua shati, akafunika maua ili chavua isilowe, yeye akatembea kifua wazi. Alifika anatetemeka kwa homa.

Mtini yalibaki maua machache. Kidawa akapanda ngazi, akachovya unyoya wa kuku kwenye chavua, akaupitisha juu ya stigma taratibu, maana ukiikwaruza umeiua. Ua moja likashika. Petali zikanyauka, ovari ikavimba, papai likakua hadi likaiva.

Bi Mwanamvua akaliweka kwenye sinia, wanawe mbele yake.

"Bila jicho langu, mama, mngekuwa bado mnapigilia misumari," alisema Mwanakheri.

"Nilikosa, mama," alisema Semboja. "Lakini kosa langu nimelifuata kwa miguu hii."

"Anayebomoa ukuta hasifiwi kwa kuuziba!" alidakia Mwanakheri.

"Basi dada, jicho lako lingeleta chavua?"

Kidawa alisema kwa sauti ndogo, "Na chavua ingebaki ndani ya shati."

Mama alichukua kisu. Alilitazama papai akawaza: chavua ilitoka mbali, stigma ikaipokea, ovari ikabeba. Nani hapo aliyezaa? Aliogopa. Akimpa mmoja, wawili wataondoka na uchungu, na nyumba ya marehemu itapasuka kabla ya papai.

Kisu kimegusa ganda. Watoto watatu wanamtazama, na wote wana macho ya baba yao.

Je, wewe uliyeketi hapa, kisu kingekuwa mkononi mwako, ungeamua vipi?