Mlango Uliorandwa Masika

Mtu mmoja alikuwa na mke, binti, na mlango uliovimba kila masika.

Jambo la mwisho la kawaida kutokea nyumbani mwake lilikuwa la mlango huo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na sasa ilikuwa imepungua, imebaki manyunyu. Mkewe, Naelijwa, alitoka na jembe na kikapu kwenda kupalilia maharage kwenye shamba la mteremkoni. Mlango ule ulifungukia nje. Alipotoka aliurudisha, ukagoma. Basi akauinua kidogo kwa kushika kitasa, akauegemea kwa bega, ukaingia mahali pake. Sefania, mumewe, alikuwa ndani akinywa chai na magimbi. Alisikia mlio wa ubao ukikubali, wala hakuinua kichwa. Mchana watu walimleta mkewe kwa machela. Moyo ulikuwa umesimama katikati ya tuta.

Sefania alikuwa afisa wa ustawi wa jamii. Kazi yake ilikuwa kuwaelewa watu waliokuwa hawaeleweki, na kwa kazi hiyo alikuwa amesoma chuo kikuu nadharia za tabia ya binadamu. Moja ilisema mtu hurudia lililompa faida na kuacha lililomletea hasara. Nyingine ilisema mtu mzima hutembea na mtoto aliyewahi kuwa, na mtoto huyo ndiye humshika mkono asipotazama. Ya tatu ilisema mtu ni uzi katika mkeka, ukitaka kuujua utazame mkeka mzima. Hayakuwa maneno matupu kinywani mwake. Kwa ile ya kwanza alimtoa mlevi mmoja kilabuni. Kwa ya pili alimwelewa mama aliyeshindwa kumpakata mtoto wake mwenyewe. Kwa ya tatu alipatanisha ukoo uliokuwa haunywi maji ya kisima kimoja. Watu walimwamini, na walikuwa na sababu.

Matanga yalipoanuliwa, binti yake Namkunda, msichana wa miaka kumi na sita, alianza jambo. Kila jioni alipakua sahani tatu: ya baba, yake, na ya tatu mbele ya kigoda alichozoea kukalia mama. Walikula wawili. Asubuhi chakula cha sahani ya tatu walimwagiwa kuku. Alivaa khanga ya marehemu mchana na usiku, wala hakutaka ifuliwe. Siku moja jirani alikuja kuwajulia hali, akajikalia kwenye kigoda. Namkunda akamwambia kwa adabu, "Samahani mama, hapo pana mtu." Yule mama aliinuka kama aliyekalia kaa la moto, na kabla ya jua kuchwa kijiji kizima kilikuwa na habari. Bombani wanawake walisema, "Mganga hajigangi," wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza, kwa sababu walikuwa wamempenda Naelijwa.

Sefania aliona kwamba binti yake ana tatizo, na kwa kuwa kutatua ndiyo ilikuwa kazi yake, alianza kazi.

Aliitumia kwanza nadharia ya faida na hasara. Sahani zikiwa mbili, alipanga kusifu na kuongeza mnofu katika sahani ya binti. Zikiwa tatu, alikaa kimya mpaka mwisho wa chakula. Zilikuwa tatu kila siku. Namkunda alikula katika kimya kile bila taabu, kana kwamba kimya ndicho hasa alichokuwa akikihitaji.

Akaitumia ya pili. Alimketisha, akamuuliza kwa sauti yake ya ofisini juu ya utoto wake: alichokumbuka, alichoogopa, siku mama alipolazwa na yeye akaachwa kwa bibi. Namkunda alijibu kila swali. Mwisho akauliza, "Baba, nikainjike ugali sasa, au bado kuna swali?"

Akaitumia ya tatu. Kama mtu ni uzi, basi aubadilishe mkeka. Alikipandisha kigoda darini. Aliifua khanga kwa mikono yake, akaianika, ikakauka, akaifungia sandukuni. Sahani ya tatu alimpa jirani yuleyule aliyefukuzwa kigodani. Jioni ile Namkunda alisimama jikoni na mwiko mkononi kwa kitambo. Kisha akapakua sahani mbili.

Wiki hiyohiyo mlango ulimchosha Sefania. Mvua ilikuwa haijakatika, na kila alipoingia na kutoka ilimbidi apigane nao. Baba yake alikuwa seremala, na randa yake bado ilikuwepo, imefungwa kwa kitambaa chenye mafuta. Sefania aliung'oa mlango kwenye bawaba, akaulaza juu ya magogo mawili chini ya upenu, akauranda ukingo. Maranda yalitoka mazito na mabichi. Hayakujikunja, yalidondoka kama maganda ya muhogo uliochemshwa. Alipourudisha, ulifunga kwa kidole kimoja. Alimwita binti yake aje kuona. Namkunda aliusukuma kwa kidole kimoja, ukafunga. Akatikisa kichwa kukubali.

Tangu hapo nyumba ilitulia. Namkunda hakuunguza mboga tena, na hakugombana tena na mbuzi kwa kuwaita majina ya viongozi wa kanisa. Hakuimba pia, lakini kuimba hakukuwa miongoni mwa mambo ambayo Sefania alikuwa akiyaangalia. Kila alilomwambia alijibu, "Ndiyo, baba." Sefania aliuona utulivu ule akauita kupona, akalala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Ndipo kiangazi kikaja, na upepo wa mlimani ukaanza kushuka.

Mlango ulikauka, na ulipokauka ulisinyaa. Kati yake na fremu palitokea mwanya wa kuingiza vidole viwili. Vumbi likaingia, majani yakaingia, asubuhi baridi ikaingia na kukaa mezani kama mgeni asiyeaga. Sefania aliziba kwa matambara. Upepo uliyatoa. Naye Namkunda alisinyaa. Magauni yalimning'inia. Mwalimu wake alisema kwamba siku hizi yupo darasani kama vile dawati lilivyopo darasani.

Dada yake Sefania, Dorkasi, alikuja kutoka mjini alikokuwa na mgahawa. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, na alianza kusema kabla hajatua mzigo.

"Mlango gani huu, Sefania? Mbuzi akitaka kunisalimu si atapitisha pembe tu?"

"Mbao za siku hizi, dada," alisema Sefania.

Lakini jioni, alipokwisha kukaa na mtoto, Dorkasi hakuwa na utani tena. Alimfuata mdogo wake nyuma ya nyumba. "Huyu mtoto umemfanya nini? Mwaka jana nilimwacha akinibishia mpaka kisogo kinauma. Leo namtania, ananiambia asante. Asante, Sefania! Nimemwambia ana miguu ya korongo!" Akajifuta macho kwa pindo la khanga. "Nipe niondoke naye kesho. Kwangu kuna kelele, kuna wasichana wenzake, kuna harufu ya vitunguu tangu alfajiri. Atachangamka."

Sefania alitafakari, akaona ni sahihi. Uzi umekwisha kupauka katika mkeka huu, basi utiwe katika mwingine. Hata vitabu vingekubali. Lakini jambo moja vitabu havikulisema, naye alilijua kwa sababu alikuwa ameliona katika nyumba za wengine: binti anayeondoka nyumbani akiwa hana hata la kubisha harudi tena. Anayerudi ni mgeni, anayebisha hodi. Na binti huyu ndiye pekee aliyekuwa amebaki katika nyumba yake. Hata hivyo alimuuliza.

"Utapenda kwenda kukaa na shangazi?"

"Ndiyo, baba."

Akayachukua maneno hayo kuwa jibu.

Kesho yake gari lilikosekana, safari ikasogezwa siku moja. Alasiri ile Namkunda alikuwa sebuleni akifunga nguo zake katika shuka. Upepo ulivuma kwa nguvu, ukaupiga mlango, ukaufungua, ukaupiga tena. Sefania alisimama, akauzuia kwa mguu, akamwambia dada yake kwamba kiangazi kikiisha atanunua mwingine, huu umeharibika, pengine ulikuwa mbovu tangu mwanzo.

Namkunda hakuinua macho kutoka kwenye mzigo wake.

"Mama hakuwahi kuuranda," alisema. "Masika alikuwa anausukuma kwa bega."

Akakaza fundo.

Sefania alibaki pale mguu ukiwa mlangoni.

Alijua alichoambiwa. Hakuhitaji kufundishwa, maana yeye mwenyewe alikuwa amewaambia wafiwa wengi kwamba msiba una majira yake, na mwana wa seremala hakuwa na haki ya kusahau kwamba ubao haurandwi ukiwa umelowa. Mlango ule haukuwa mbovu. Ulikuwa umekunywa mvua, kama kila ubao ufanyavyo mvua ikinyesha, na jua lingeurudisha ulivyokuwa. Sahani ya tatu haikuwa ukaidi, haikuwa ugonjwa, haikuwa utoto uliorudi. Ilikuwa maji ndani ya ubao. Ilihitaji mtu wa kuinua kidogo, kuegemea, na kuvumilia mlio wake. Yeye alikuwa amechukua chombo chenye makali, akamkata binti yake kulingana na kipimo cha siku za mvua. Na alipokuwa akikata alijisikia mwepesi, kwa sababu mwenye kushika chombo hana mkono wa kushikia msiba wake mwenyewe.

Hakuzilaumu nadharia zake. Randa ya baba yake ilikuwa randa njema, na imetengeneza milango ya nusu ya kijiji. Alikuwa ameziuliza zote tatu mtoto huyu ana kasoro gani, nazo zilimjibu kwa uaminifu, kila moja kwa lugha yake. Hakuna hata moja aliyoiuliza sasa ni majira gani.

Asubuhi yake aliamka mapema, akapanda darini akakishusha kigoda. Akafungua sanduku, akaitoa khanga. Harufu ya mwenyewe ilikuwa imekwisha kutoka kwa sabuni, na hilo hakuweza kulirudisha. Aliikunja, akaiweka juu ya ule mzigo uliofungwa. Kisha akatafuta ubao mwembamba wa mninga uliobaki tangu nyumba ilipojengwa, akauranda uani, na safari hii maranda yakajikunja vizuri, mepesi, yakapeperuka. Akaupigilia ukingoni mwa mlango, akautazama ukifunga. Aliona kwamba masika yakija utakwama tena. Alikuwa na nafasi ya kupunguza kidogo. Akauacha.

Dorkasi alitoka na mkoba wake. "Eh! Leo mlango una kiraka. Na gari letu je?"

"Namkunda haendi, dada. Akitaka kwenda atakwambia mwenyewe, siku akiwa na nguvu za kubisha. Wewe kama una kelele za ziada, kaa nazo hapa mpaka Jumapili."

Dorkasi akautua mkoba.

Sefania aliingia jikoni. Alimenya magimbi, akachemsha chai, akatandika meza, akaweka sahani nne. Watu walikuwa watatu. Namkunda alisimama kizingitini akiwa amejitanda khanga, akaitazama sahani ya nne. Alikwenda akaisogeza kidogo, ikae sawasawa mbele ya kigoda. Akaketi. Walikuwa wakila, shangazi yake akatia kijiko kingine cha sukari.

"Shangazi," alisema Namkunda, "unakunywa chai au unapika kashata?"

Sefania hakumsifu, hakumuuliza swali. Alilisogeza gimbi lililo bora upande wa binti yake, akaendelea kula, na alipomaliza akatoka nje, akaurudisha mlango, akauinua kidogo kwa kitasa na kuutia bega ingawa ulikuwa mkavu, ili bega lake lizoee.

Na wewe uliyekabidhiwa mtu umtengeneze, kabla hujaishika randa: umegusa ubao ukajua kama mvua imekatika?