Toba ya Bwana Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanavaa viatu kwenda kanisani, Mama Kanga alikaa benchi la nyuma na mawazo tele. Kiotani kwake, kichakani nyuma ya kanisa, yalikuwa yamebaki mayai ya mwisho ya msimu ule. Mengine yote yalikwishaingia tumboni mwa Bwana Nguchiro.

Naye Bwana Nguchiro alikuwa wapi? Mbele kabisa, kwenye benchi la wanaotubu, analia.

"Hii! Hii! Hiiii! Mimi mwovu, wazee wangu! Mimi wa kutupwa!"

Desturi ya usharika ule ilikuwa hivi: mkosaji hutengwa, kisha hulia mbele ya watu, wazee wa kanisa huipima toba yake, na mwenyekiti humwombea arudi kundini. Nguchiro alikuwa amerudi kundini mara nyingi hata benchi likabonyea kwa umbo lake.

Mzee Ndovu, mwenyekiti, akakohoa. "Katibu, machozi yamefika wapi?"

Nyati, katibu wa baraza, akainama kuchungulia. "Kidevuni, Mwenyekiti."

"Yanadondoka?"

"To! To! Yanadondoka."

"Kamasi?"

"Ya kutosha."

"Basi utaratibu umetimia."

Mama Kanga akasimama. "Baba Mwenyekiti, samahani. Ameacha kula mayai yangu?"

Wazee wakatazamana. Swali hilo halikuwamo katika utaratibu.

"Mama Kanga," Nyati akasema kwa upole wa ofisini, "hapa tunashughulikia toba. Mayai yapeleke kamati ya maendeleo."

"Inakutana lini?"

"Ikishaundwa."

Mzee Ndovu akainua mkonga. "Tufumbe macho, tuombe."

Ee wanangu, maombi ya Mzee Ndovu! Alianza na kuumbwa kwa ulimwengu, akashuka taratibu kwenye gharika, akaombea mvua, akaombea wasafiri wa nchi kavu na wa majini. Na kabla ya Amina hakuna aliyethubutu kufumbua jicho.

Mama Kanga naye alifumba. Kisha moyo ukamlipuka pa! Mbona mayai yake hupotea siku za toba tu?

Akafumbua jicho moja. Lo! Benchi tupu. Akachungulia dirishani: nyasi zinatikisika, chakacha, chakacha, kuelekea kiotani.

Afanye nini? Akikimbia, Nguchiro atafika kwanza. Akipiga kelele katikati ya maombi, atatengwa yeye. Punda alikwishatengwa kwa chafya tu. Akavuta pumzi, akajaza kifua, akatoa sauti nzito ya ibada:

"AMINA!"

"AMINAAA!" usharika mzima ukaitikia, macho yote yakafumbuka. Hata Mzee Ndovu aliitikia, ndipo akashangaa, maana alikuwa hajawaombea wagonjwa.

"Jamani, aliyekuwa anatubu yuko wapi?" akauliza.

"Tazameni dirishani, Baba," akajibu Mama Kanga.

Wakatazama. Nguchiro alikuwa ameganda juu ya kiota, mkono hewani, machozi bado kidevuni.

"Na... nakuja! Nilikuwa nayaomba mayai msamaha!"

"Lakini machozi yalikuwa halali," Nyati akanung'unika. "Nimeyakagua mwenyewe."

"Umekagua macho, Katibu, hukukagua miguu," akasema Mama Kanga. "Kutubu ni kugeuka. Huyu mwenzetu analia huku, miguu inaelekea kule kule."

Nguchiro akaangua kilio kipya. "Hii! Hii! Mimi wa kutup..."

"Nyamaza, mwanangu. Futa kamasi. Ukate miiba, uzungushie kiota changu ua. Nawe ubaki upande wa nje."

Mzee Ndovu alitafuta kichwani kanuni ya kukataza jambo hilo. Hakuipata. "Haya, fanya," akasema.

Nguchiro akakata miiba. Ikamchoma, akanuna, akalaani kimoyomoyo, lakini chozi halikumtoka hata moja. Hakuwa na nafasi ya kulia. Akasuka ua imara, akaujaribu mwenyewe kwa pua, akauziba mahali pua ilipopita.

Nyati alimkagua usoni. "Mkavu kabisa, Mwenyekiti. Sijui tufanyeje."

Mama Kanga hakungoja jibu. Akamsogezea Nguchiro kata ya maji. "Kunywa, mwanangu. Karibu kundini."

Basi, wanangu, toba ya mtu itazameni anakoelekea, msiipime kwa machozi.