Ushanga wa Chupa ya Marashi

Hapo zamani, enzi za bibi zetu waliojifunga kaniki, palikuwa na mji ukiitwa Kitopeni. Desturi yao ilikuwa moja: mtoto wa kike hatolewi nje siku ya arobaini kiuno kitupu. Lazima avae ushanga. Aliyeutoa ushanga ndiye aufungaye, na aufungaye ndiye ampaye mtoto jina la nyumbani.

Basi alikuwepo Zawena, mzazi mchanga, mwoga huyo! Kuku akiruka, naye karuka. Mama mkwe wake, Bi Hidaya, alimpa uzi wa shanga za buluu akamwambia, "Mwanangu, zitunze." Zawena akazitunza kupita kiasi. Akawa anazivaa shingoni hata akienda kuoga, zisije zikaibwa. Siku moja kainama tu akioga, uzi ukakatika, shanga zote po! po! po! shimoni mwa choo. Nani atazifuata huko?

Akamkimbilia Mize, dada wa mumewe. "Wifi, nimekwisha! Mama atanirudisha kwetu, mtoto atatoka kiuno kitupu, mchuuzi wa shanga hapiti mpaka mavuno, nife sasa hivi au ningoje jioni?"

"Ngoja ule kwanza," Mize akamjibu.

Zawena hata kula hakuweza. Akakumbuka kwamba kwenye majivu ya tanuri la Bi Tausi mfinyanzi aliwahi kuokota kioo kilichoyeyuka, kimeviringika kama chozi. "Wifi, kama moto unaweza kufanya vile bila kuombwa, je, tukiuomba?"

Mize akaingia ndani, akatoka na chupa ya buluu ya marashi, zawadi ya mchumba wake aliye safarini.

"Si hiyo, wifi!"

"Harufu yake imeshaniingia puani, haitoki." Akaipiga chini. Akafunga kitambaa puani, akatwanga vigae katika kinu cha chuma, akachekecha mpaka kioo kikawa unga.

Wakaenda kwa Bi Tausi, naye akafinyanga vijungu vidogo kama vifuniko vya vidole, wakavijaza unga ule. "Kioo hakitaki moto wa chungu," akasema, "kinataka moto wenye hasira." Akavukuta mpaka tanuri likanguruma. Wakazitoa shanga kwa pupa, upepo ukazipiga, ta! zikapasuka. Tena hazikuwa na tundu hata moja. Ushanga usio na tundu si kokoto tu?

Wakajaza vijungu mara ya pili, unga wa mwisho. Hapo, jamani, nani anabisha hodi? Bi Hidaya, na kikapu chake cha kisamvu! Akaketi kupiga soga, anachambua majani, na mikono yake haijui kutulia: kila kikonyo anakichomeka kijunguni, kama anapanda mihogo. Zawena anaona, ila amkataze vipi? Mkwe humkatazi. Bi Tausi akavisukuma motoni vivyo hivyo, maana moto ulikuwa umeiva.

Muda ukapita. "Nifungue?" Bi Tausi akauliza. "Fungua!" Mize akaruka. Na yule mwoga wa kuku akaenda akasimama mbele ya mlango wa tanuri, joto linamchoma mgongo. "Hafungui mtu! Zipoe zenyewe!" Hata yeye alijishangaa.

Zilipopoa zikatoka nzima, buluu, na katikati vikonyo vimeungua vikaacha tundu. Vigelegele!

"Mbona zinafanana na zangu?" Bi Hidaya akauliza. "Zangu ziko wapi?"

"Mama zimeingia chooni nilikuwa naoga uzi ukakatika nisamehe usinirudishe kwetu!"

Bi Hidaya akacheka mpaka kikapu kikapinduka. "Mwanangu we! Zile nilizinunua. Za mama mkwe wangu mimi nilizitia shimo lilo hilo!"

Siku ya arobaini ikafika. Ngoma imepashwa moto, wanawake wamejaa uani, wengine wameshakuja na chupa zao mbovu: "Fundi Zawena, na sisi tufanyie!" Fundi! Yeye! Mtoto amelazwa mkekani. Hapo mikono minne ikashika uzi mmoja.

"Kioo ni changu," akasema Mize. "Nimevunja kumbukumbu ya mchumba wangu."

"Kioo bila moto ni vigae vya kukata watu miguu," akasema Bi Tausi. "Vijungu vyangu, moto wangu."

"Moto wenu ulizaa kokoto," akasema Bi Hidaya. "Tundu limetoka kwangu."

"Ulikuwa unachezea mboga, mama!" Mize akadakia.

"Nilichezea, lakini tundu si lipo?"

Zawena naye akavuta uzi kwake. "Ni mimi niliyewaza. Na mngefungua pale, leo tungefunga nini?"

Wanavutana, wanacheka, wanavutana tena, na mtoto anapiga miguu, kiuno kitupu, na jina hana.

Haya, ninyi mliokaa hapa, mwamulieni huyu mtoto: ni mkono wa nani uliostahili kuufunga ushanga ule, na ni nani wa kumwita jina?