Gunia la Nta na Koti la Fundi

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Na masikio mawili na mdomo mmoja tu.
Na mwenye midomo miwili?
Huyo hatumsalimii.

Hapo kale palikuwa na kijiji miguuni pa mlima, na kijiji hicho kilikuwa na maneno mengi kuliko mahindi. Ukikohoa asubuhi, jioni unasikia umekwisha kuzikwa.

Kijijini humo waliishi Nakijwa na mdogo wake Nanzia. Wazazi wao walikuwa wamefariki. Ndugu aliyebaki ni shangazi mmoja tu, naye aliishi ng'ambo ya mlima, safari ya kulala njiani na kulala tena.

Siku moja zikaja habari kwamba shangazi ni mgonjwa. Nanzia akasema atakwenda yeye kumwuguza, dada yake abaki avune. Akavaa kaniki yake ya shambani, kwa sababu njia ya mlimani ina tope chini, ina miiba katikati, na juu kabisa ina baridi ya kung'oa kucha.

Sasa mjue, kila nyumba ilikuwa na nguo ya shamba, imara na yenye viraka. Lakini mgeni akibisha hodi tu, nguo hiyo inatupwa nyuma ya ghala. Kuonekana nayo barabarani ilikuwa aibu kubwa.

Mama Sifuni alikuwa mlangoni kwake anapukuchua maharage na wenzake. Alipomwona Nanzia akamwuliza, "Mwanangu, unakwenda ugenini na kaniki ya kulimia? Watasema huku kwetu tunatembea uchi." Wakacheka wote, wakacheka mpaka maharage yakamwagika.

Nanzia alikuwa mtoto wa haya. Alipofika njiapanda, pale mlima unapoanzia, akaingia kwa fundi cherehani, akaivua ile kaniki, akatoka na koti zuri la vifungo vinavyong'aa na viatu vipya. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kuonekana.

Basi mvua zikanyesha zikaisha. Siku moja akapita mchukuzi wa chumvi kutoka ng'ambo. Akamwambia Nakijwa kwamba shangazi amepona lakini ana kinyongo, anauliza mbona aliumwa peke yake, hakuletewa hata mtu wa kumchemshia uji.

Nakijwa hakungoja jioni. Akaenda kwa Mama Sifuni na wenzake kuuliza. Wakamjibu bila kuinua macho kwamba Nanzia ameolewa huko, kama yule binti wa mhunzi aliyeolewa huko, na kama wale mapacha wa bondeni, nao waliondoka na makoti ya fundi wakaolewa huko huko.

"Mapacha wa bondeni ni wanaume," Nakijwa akasema. "Nao wameolewa?"

Wakaendelea kupukuchua. Walijua, jamani. Walijua tangu zamani kwamba wavaa makoti hawarudi, wakaona ni rahisi kusema wameolewa. Hasira ikampanda Nakijwa, ikamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Haikushuka tena.

Akaanza kutafuta mavazi ya safari. Fedha hakuwa nayo, na kaniki ya nyumbani kwao ilikuwa imekwenda na Nanzia. Akapiga hodi nyumba ya kwanza kuomba nguo ya shamba. Wakaapa hawajawahi kuwa nayo, nayo inaning'inia nyuma yao. Akaichukua. Nyumba ya pili wakampa ndara za ngozi ya ng'ombe, pana, zenye nafasi ya vidole kuvimba, na matambara ya kufunga miguu kwa ajili ya miiba. Walimpitishia dirishani ili jirani asione.

Kwa Mama Sifuni, kuku alikuwa ameatamia juu ya gunia la marehemu mumewe, mrina asali. Gunia hilo lilipakwa nta miaka na miaka, maji yakiligusa yanateleza.

"Nipe gunia, Mama Sifuni. Kama ni kwa bei, itaje."

Mama Sifuni akatazama kulia, akatazama kushoto. "Bei yake ni ukimya wako. Usimwambie mtu kwamba mimi nina gunia kama hilo."

"Sitasema," Nakijwa akajibu, akamtoa kuku.

Basi akavaa. Kanga nyepesi ndani, kaniki juu yake, blanketi kuukuu begani, gunia juu ya vyote, ili jua likiwaka avue kimoja na baridi ikija avae kimoja. Akapita katikati ya kijiji mchana kweupe. Watu wakacheka. Ule mwiba wa hasira ukazidi kumchoma, wala hakugeuka.

Njiapanda akamkuta fundi. Alikuwa mtu mzuri wa sura, lakini shingoni alijifunga kitambaa kizito, liwe jua, iwe mvua. Wanawake walikuwa na lao la kusema juu ya kitambaa hicho. Mmoja alisema ni jipu, mwingine alisema aling'atwa na mkewe. Kumwuliza mwenyewe, hakuna aliyemwuliza.

Fundi akatoa koti jepesi kama moshi. Nakijwa akauliza bei gani.

"Vaa kwanza. Bei tutaelewana huko juu."

"Sivai," akasema Nakijwa.

Fundi akatoa viatu laini kama shavu la mtoto. Nakijwa akauliza bei gani.

"Vaa kwanza. Bei tutaelewana huko juu."

"Sivai."

Fundi akatoa kofia ya manyoya, akaipuliza manyoya yakainama. Nakijwa akauliza tena, sasa kwa kufoka, bei gani.

"Vaa kwanza, dada yangu. Bei tutaelewana huko juu."

"Dada yako hajazaliwa," Nakijwa akamwambia, akashika njia.

Nyuma yake akasikia sauti ya meno yakisagana, lakini midomo ya fundi ilikuwa imefumba. Sauti ilitoka chini ya kitambaa.

Akapanda. Tope lilipomshika, ndara pana zikajinasua. Miiba ilipomkamata, matambara yakachanika badala ya ngozi. Alipokaribia juu, mvua ikashuka kama imemwagwa na mtu mwenye chuki. Gunia likaitelezesha yote.

Katika mvua hiyo akaona pango. Akaingia, akasimama kama aliyepigwa kofi. Ukutani palikuwa na vigingi, na kwenye vigingi yalining'inia makoti, na ndani ya makoti walikuwamo watu. Binti wa mhunzi alikuwamo. Mapacha wa bondeni walikuwamo. Na mwisho kabisa alikuwamo Nanzia, macho wazi, amekonda, vifungo vimemkaza mpaka kidevuni.

Nakijwa akavuta kifungo, kikakataa. Akakita kisu, kikapinda.

"Dada, usijisumbue," Nanzia akanong'ona. "Ni dawa ya zimwi. Ukivaa kitu hujatajiwa bei, unakuwa mali ya mwenye kitu. Viatu vilitembea vyenyewe mpaka hapa. Atatula baridi ikizidi. Wewe hawezi kukugusa, hujavaa chake."

Hapo hapo mlango wa pango ukaingia giza. Fundi alikuwa amemfuata. Alizoea kuja juu siku za jua, lakini siku hiyo kwa uchu hakutazama mawingu. Koti lake la madoido lilikuwa limekunywa mvua, limekuwa zito kama maiti, na alitetemeka mwili mzima. Kitambaa kilikuwa kimeanguka. Kisogoni palikuwa na mdomo wa pili, mpana, na maji ya mvua yalikuwa yakiingia humo kama mtaroni.

Akalitazama gunia. Akaomba alivae kidogo tu, mpaka apate joto.

Nakijwa akalivua. Ndani alikuwa na kaniki, ana blanketi, na ana hasira, baridi ingempata wapi? Akanyoosha mkono wenye gunia.

"Vaa kwanza. Bei tutaelewana."

Mdomo wa mbele ukakunjamana. Ulikuwa unajua biashara. "Taja bei," ukasema.

"Bei ya nini?" ukabweka mdomo wa nyuma, uliozoea kula tu. "Mimi nazama huku. Vaa."

"Nyamaza, hujui kitu."

"Wewe umekauka, mimi nanyeshewa. Vaa, vaa, vaa."

Ikagombana midomo miwili ya mtu mmoja, mpaka mikono ikachoka kusikiliza. Ikatwaa gunia ikalivaa.

"Bei yake," Nakijwa akasema, "ni vifungo vyote."

Vifungo vikaruka. Watu wakadondoka kutoka vigingini kama mapera yaliyoiva. Nanzia akamwangukia dada yake, wakalia. Kisha Nakijwa akaligeukia zimwi, akaliamuru liwabebe wasioweza kutembea, na lisithubutu kukohoa. Likabeba. Lilikuwa mali yake.

Walipofika kijijini, vigelegele vikapigwa. Eti kila mtu alikuwa anajua tangu mwanzo, eti kila mtu alikuwa akionya siku zote. Wakalistaajabia lile gunia lililoshinda zimwi, wakauliza ni la nani.

Nakijwa akanyamaza. Alikuwa amelipa bei hiyo.

Lakini Mama Sifuni hakuweza kuvumilia sifa ipite mlangoni kwake bila kuingia. "La kwangu hilo," akasema kwa sauti. "Gunia ni langu."

"Mmesikia," akasema Nakijwa. "Mimi sikusema neno. Kama ni lako, Mama Sifuni, nakurudishia, pamoja na aliyemo."

Zimwi likapiga goti mbele ya Mama Sifuni. "Shikamoo, mwenye gunia," ukasema mdomo wa mbele. "Tunakula nini?" ukauliza wa nyuma.

Mpaka leo linaishi kwake. Halimgusi mtu, lakini maharage linakula kwa midomo yote miwili, na mwenye kuyapukuchua ni Mama Sifuni mwenyewe.

Hadithi yangu imeishia hapo, kilichobaki kiko kwenye sufuria ya Mama Sifuni. Nguo ya safari ni ile inayokufikisha na kukurudisha, si ile inayowapendeza waliokaa mlangoni. Na mtu asiyetaka kukutajia bei, kitu chake mwachie mwenyewe.