Moto wa Kuomba

Mlio karibu na mlango, sogeeni ndani.

Nyanzala alihamia kijiji cha watu na mwanawe mgongoni. Akaona haya kuomba moto kwa jirani, akawasha kwa kiberiti chake. Zimwi la mlimani, ambalo humla kila asiyepewa moto na mwenyeji, likanusa moshi ule, likaja.

“Moto huu umetoka kwa nani?”

Nyanzala akamkumbatia mwanawe. Likauliza tena, kucha zikipenya ukutani. Likauliza mara ya tatu, likamshika mtoto mguu.

“Kwangu,” akasema jirani, Bi Tabu, akiingia kwa mlango wa uani na makaa kwenye kigae. Akayatia mekoni.

Zimwi likanusa, likamwachia mtoto, likashuka bondeni.

“Ungeniomba ungepungukiwa nini, mwanangu?”

Nyanzala akageukia mlangoni. Kule bondeni aliona moshi wa wahamiaji waliofika jioni ile. Akachota makaa, akakimbia.

Mimi naishia hapa. Yeye bado anakimbia.