Nyoka Aliyelala Juu ya Masale

Kanuni Ndogo ya Kuingia Ardhini kwa Nia ya Kuokota, kwa Kujifurahisha, Viumbe Wasio na Miguu: ndivyo ilivyoitwa. Hapo zamani, siku iliposomwa mkutanoni kwenye miteremko ya Kilimanjaro, watu wote waligeuka wakamtazama Mzee Ndesanjo. Katika wilaya nzima, ilimhusu yeye peke yake.

Ndesanjo alikuwa mgane. Watoto wake walikuwa mbali, na jioni alizungumza na nyoka wasio na sumu aliowafuga kwenye masanduku ya vioo. Kanuni ilisema nyoka wa msituni ni wa serikali, nyoka wa kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani, ni wa mwenye kihamba, na anayemtaka aombe ruhusa kwanza. Aliomba. Serikali haikujibu. Wenye vihamba, waliozoea kumkaribisha walau kwa pombe ya mbege, sasa walimwambia kwa upole kwamba wangependa sana, ila kanuni. Nyoka wake wakazeeka, wakafa, masanduku yakabaki vioo vitupu.

Kisha akasikia kwamba kwa Mama Aikaruwa, mjane, pale mimea ya masale inapotenga migomba yake na msitu, anaishi nyoka mla mayai, yule asiye na jino hata moja. Ndesanjo akaenda akasimama njiani, asikanyage msitu, asikanyage kihamba. Akasimama kesho yake, akasimama mtondo. Kiwelu, mlinzi wa msitu, akaja kuhakikisha hakanyagi. Akaja kesho yake, akaja mtondo. Mama Aikaruwa akaja kuwachungulia wote wawili, na kesho yake akaja na kahawa. Masika yakaanza, yakaisha, nao wamesimama, kila mmoja kwenye ardhi yake halali, wakizungumza. Mama alimuuliza mzee anapenda nini kwa nyoka.

"Haniulizi watoto wamepiga simu lini."

Siku moja nyoka akatoka. Akajilaza juu ya masale, kichwa kihambani, mkia msituni, kama aliyeisoma kanuni.

"Mkia uko kwangu," alisema Kiwelu. "Kazaliwa msituni, analala msituni. Serikali haigawi nyoka vipande, mama."

"Na tumbo? Humo mna mayai ya kuku wangu. Serikali imewahi kumpa hata yai moja?"

Ndesanjo akageukia masale. Alivunja isale, akalipiga fundo, akamnyooshea Mama kwa mikono miwili. Uchagani, mkosaji akikuletea isale lenye fundo huwezi kukataa, sharti umsamehe. Ila hakuna aliyewahi kulileta kabla ya kukosa.

"Nisamehe, Mama Aikaruwa. Nataka kukanyaga kwako."

"Kosa liko wapi, meku, mzee wangu?"

"Linakuja."

Mama alicheka, akalipokea, angefanyaje? Kiwelu akasema isale hilo limevunjwa mpakani, na nusu ya mpaka ni ya serikali, ambayo haijaombwa msamaha na mtu.

"Wewe una mshahara wa kusimama hapa, mangi," alisema Ndesanjo. "Mama ana kuku, watataga tena. Mimi nimesimama masika yote sijamkanyagia mtu, na nyumbani kwangu hakuna kingine kinachopumua. Nani kamngoja kuliko mimi?"

Wakabishana. Mwenye mkia akadai, mwenye mayai akadai, mwenye kungoja akadai. Walipotazama tena, masale yalikuwa yakitikisika, na nyoka hayupo.

Hakuonekana tena. Kwa kuwa hapakuwa na nyoka wa kulindwa, Kiwelu alihamishiwa lango jingine. Mayai ya Mama yalitimia, na kahawa akainywa peke yake. Ndesanjo hakuwa tena na sababu ya kusimama kwenye njia ile, na kanuni haikutaja sababu nyingine. Isale liko juu ya mlango wa Mama, limekauka na fundo lake, aliyelitoa hajaingia.

Haya, nyinyi mlionyamaza: mwenye mkia, mwenye mayai, mwenye kungoja. Je, nani alimstahili nyoka yule?