Miwani ya Kashindi

"Mzamia maji ya mwenziwe, yake huzamiwa." Mama yenu kawatupia methali akarudi jikoni, nanyi mmenijia mimi mbio, maana bibi ndiye kamusi ya nyumba hii. Haya, kaeni. Na wewe Shukuru, acha kununa kwa sababu rafiki yako kapelekwa baharini, kisiwani Mafia, kuzamia. Methali nyingi zimenizidi umri, lakini hii nimeizidi mimi. Niliiona ikizaliwa hapa hapa Bangwe, kando ya ziwa letu, nayo ilianza hivi.

Kulikuwa na mshona nguo mmoja, Kashindi. Mumewe, Ntakije, alikuwa fundi wa mashine za boti, akajifunza kuzamia na mtungi wa hewa mgongoni. Yeye na wenzake wakaunda kikundi. Vifaa vyao vilikuwa vya mitumba, wakivivaa kwa zamu, na kila mmoja alichangia kidogo mitungi ijazwe. Kila Jumamosi walishuka kwenye miamba iliyo mbele ya nyumba zao. Walikuwa na sheria moja: hakuna kushuka peke yako. Kila mzamiaji ana mwenzake, na hawaachani mpaka watoke majini. Basi mzamiaji mwenza wa Ntakije akahamia mji wa Mpanda. Ntakije akatafuta miwani ya kuzamia, akaitundika msumarini chumbani, akamwambia mkewe, "Hii yako. Nataka nishuke na wewe."

"Nizamie ninaposuuzia sufuria?" Kashindi akacheka. Miwani ikabaki msumarini.

Halafu jirani yake Sauda, shoga yake tangu utotoni, akaenda harusini Unguja. Alirudi na picha kwenye simu: Sauda chini ya bahari, samaki wa kila rangi wamemzunguka. Weee! Mtaa mzima ukawa ni Sauda tu. Kashindi alizitazama zile picha, akasema, "Hongera, shoga," lakini moyo unamchoma. Alikaa kwenye cherehani akashona mikono ya gauni la mteja nyuma mbele. Kila akimwona Sauda anapita anajiuliza, yule ana nini ambacho mimi sina? Wivu, wajukuu zangu, haulali, wala haumwachi mwenyewe alale.

Ntakije akamwambia, "Kama ni samaki, hapa wapo tele. Tuanze Jumamosi, taratibu, masikio yako yazoee."

Kashindi akang'aka. "Sauda azamie bahari, mimi nizamie ziwa? Nimepungukiwa nini mimi?"

Akauza cherehani yake moja, akapanda treni mpaka pwani, akavuka hadi Unguja.

Alikofika ni kule kule alikozamia Sauda, lakini aliposhuka tu, masikio yakamuuma kana kwamba yanachomwa sindano. Watoto wetu hapa hujifunza kuziba pua na kupuliza wakiwa kwenye maji ya kiunoni, wiki baada ya wiki, na yeye alikuwa akipita akiwacheka. Huko alionyeshwa mara moja tu asubuhi ile. Ikabidi apandishwe juu kabla hajaona hata mkia wa samaki. Mwalimu wake, kijana aitwaye Makame, akampa maji ya kunywa.

"Pole, dada. Umetoka wapi?"

"Kigoma."

"Kigoma ya ziwani?" Makame macho yakamtoka. "Kwenye maji yale ya kuona mpaka chini? Mimi naweka akiba nije kuzamia huko kwenu! Sasa wewe umefuata nini huku?"

"Nimefuata alichokiona Sauda."

"Sauda ndiye nani?"

Kashindi akamrudishia kikombe, akaenda kutafuta begi lake.

Akarudi. Alifika ufukweni Jumamosi, begi mkononi, akaona vichwa viwili vinaibuka pale kwenye miamba. Kimoja cha mumewe. Cha pili kikavua miwani, kumbe Sauda! Na miwani ni ile ile ya msumarini.

Begi likaanguka. "Miwani yangu! Na mume wangu! Sauda, bahari haikukutosha?"

"Kule nilishuka mara moja, Kashindi, nikapigwa picha, basi," Sauda akasema. "Niliporudi nikawa nakuonea wivu wewe. Mumeo anashuka kila wiki mbele ya mlango wako, na miwani umetafutiwa. Nilikuwa nikipita kwako roho inaniuma. Ulipoondoka, nikaomba."

"Nilikungoja, mke wangu," Ntakije akasema. "Lakini mzamiaji hashuki peke yake."

Sauda akairudisha miwani palepale. Lakini masikio hayaazimwi. Ikabidi Kashindi aanze na watoto, kwenye maji ya kiunoni, pua kaziba, mashavu yamevimba, huku Sauda akiazima miwani nyingine na kushuka na Ntakije. Na wivu alioupata hapo ulikuwa mkali kuliko wa mwanzo, maana huu ulikuwa wa kitu chake. Mama mkwe wake alikuwa pembeni anasuuza sufuria. Akamtazama, akayatazama yale mapovu ya hewa kule miambani, akayasema maneno mliyoyasikia leo.

Mnauliza kama alishuka? Alishuka, mvua zilipokwisha, akatoka analia kwa yale aliyoyaona mbele ya mlango wake.

Sasa Shukuru, miwani ya marehemu babu yako, aliyekuwa wa kikundi kile, iko nyuma ya mlango, na kesho ni Jumamosi. Endelea kununa. Mtoto wa Sauda alipita asubuhi akaiulizia, na mimi sijamjibu bado. Mzamia maji ya mwenziwe, yake huzamiwa.